Jani la mpera maabara: mwongozo kamili wa kupima madondoo ya mitishamba dhidi ya bakteria na uvimbe

Ukiuliza dawa ya kidonda kwa wauza mitishamba wa soko la Marikiti, Mombasa, utashikishwa majani ya aina tatu kabla hujamaliza kusema kidonda kiko wapi. Mwongozo huu hauulizi kama muuzaji ni mkweli. Unauliza jambo moja tu: jani hilo ukilifikisha maabara, utalipima vipi ili kama halifanyi kitu, lionekane kwamba halifanyi kitu? Kwa sababu kupata matokeo ya kupendeza kwa majani ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani.

Nayajua haya kwa kuwa nilidanganyika mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilitoboa visima kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, nikamimina mikrolita 100 za dondoo (kinachotoka kwenye jani likilowekwa na kuchujwa) ambalo bado lilikuwa na methanoli iliyolilowekea, na kesho yake nikakuta duara safi lisilo na bakteria, la milimita 14, limezunguka kila kisima. Nikapiga picha, nikaituma nyumbani. Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole, akaniuliza, "Na kisima cha methanoli tupu kiko wapi?" Hakikuwepo. Nilipokiweka, kilitoa milimita 12. Wiki tatu nzima nilikuwa nikipima methanoli.

Haya basi ni kwa mwanafunzi wa stashahada au shahada, mwalimu, au fundi aliye na maabara ya kweli: yenye otoklevu (chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke moto), inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria), kabati la usalama na msimamizi anayejua kazi. Usifuge bakteria jikoni. Staphylococcus aureus wa maabara ni ndugu wa yule anayeleta majipu, na akiingia kwenye damu huua.

Kabla ya kukata jani

Kwa anayeanza nashauri mpera, Psidium guajava. Unapatikana uani kuanzia Kisauni hadi Likoni, majani yake yanachemshwa tangu zamani kwa tumbo la kuendesha, na yamepimwa mara nyingi sana duniani, kwa hiyo ukikosea utagundua mapema. Ukiisha kuuzoea mpera ndipo uhamie kwenye mti ambao haujaandikwa sana.

Hakikisha jina la mti, maana majina yetu hayana mipaka. Mwarobaini, ambao wengi hapa tunauita mkilifi, ni Azadirachta indica. Una jamaa yake, Melia azedarach, anayepandwa kwa kivuli na ambaye watu humwita mwarobaini vilevile, na matunda yake yana sumu. Tofauti iko kwenye jani: la mkilifi lina mhimili mmoja wenye vijani viwili viwili kando yake, la Melia mhimili wake hugawanyika tena kuwa vijitawi, na vijani viko kwenye hivyo vijitawi. Kwa hiyo kata tawi zima, likiwa na ua au tunda, libane kati ya magazeti mpaka likauke, andika mahali na tarehe, kisha mpelekee mtaalamu wa mimea. Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ndiyo mahali pa kuhakikisha. Namba ya kielelezo utakayopewa iingie kwenye ripoti yako. Bila hiyo, hakuna atakayeweza kurudia kazi yako.

Karatasi za vibali nazo zina zamu yake. Leseni ya utafiti nchini Kenya hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kila hatua inayogusa damu ya mtu au mnyama hai inahitaji kibali cha kamati ya maadili. Kama matumizi ya jani umeyapata kwa mganga au kwa wazee wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda), Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi: kubalianeni kwa maandishi kabla, si baada ya jina lako kutoka kwenye jarida. Na ndani ya misitu ya kaya zenyewe, ambazo baadhi yake UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2008, hukati hata kijiti bila idhini ya wazee.

Ukiwa naye huyo mwenye maarifa, muulize dawa inavyotengenezwa. Inachemshwa au inalowekwa? Kwa muda gani? Inanywewa au inapakwa? Mwaka 1971 Tu Youyou wa China alikuwa akihangaika na mmea wa Artemisia annua ambao maabarani ulikataa kutoa matokeo yanayoeleweka. Akarudi kwenye maandishi ya kale ya Ge Hong, akaona yanasema mmea ulowekwe majini na kukamuliwa, hayasemi uchemshwe. Moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akatumia etha yenye kuchemka kwa joto dogo, ikapatikana artemisinini ya malaria, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Kukausha: vita na unyevu

Hewa ya Mombasa nusu yake ni maji. Wakati wa masika, Aprili na Mei, majani yaliyotandazwa chumbani huota koga kabla hayajakauka. Koga si uchafu tu. Ukungu hutengeneza kemikali zake za kuua bakteria, na penisilini yenyewe ilitoka kwa ukungu. Jani lenye koga likizuia bakteria, hutajua aliyezuia ni nani. Mimi huchuma wakati wa kaskazi, Januari au Februari. Ukilazimika kuchuma masika, tumia oveni yenye feni kwa nyuzi 40, usizidishe.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, majani mazima yasiyo na madoa wala mashimo ya wadudu. Yaoshe kwa maji ya mfereji, yasuuze kwa maji yaliyotoneshwa. Maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, usimalizie nayo. Yapime uzito. Yatandaze kwenye ungo au wavu, tabaka moja, kivulini, chini ya pangaboi, uyageuze asubuhi na jioni. Siku saba hadi kumi na nne. Jani lililo tayari ukilikunja linavunjika kwa mlio wa kachri za muhogo. Likipinda kimyakimya, bado. Uzito ukiwa uleule siku mbili mfululizo, umekwisha.

Saga kwa blenda ya maabara. Tafadhali isiwe ile iliyosaga karafuu au kitunguu thomu nyumbani, kwa sababu vyote viwili huua bakteria, na harufu haitoki kwa kusuuza mara moja. Chekecha, weka unga kwenye chupa kavu, andika lebo.

Kupata dondoo

Pima gramu 50 za unga, mimina mililita 500 za ethanoli ya asilimia 80. Kama uliyonayo ni ya asilimia 96, chukua mililita 833 uongeze maji yaliyotoneshwa mpaka ifike lita moja. Spiriti ya dukani haifai: ina methanoli, na mara nyingi rangi. Funika chupa kwa karatasi ya alumini, iache saa 72 mbali na mwanga, uitikise mara kadhaa kwa siku. Chuja kwanza kwa kitambaa cha melimeli, halafu kwa karatasi ya kuchujia ya Whatman Na. 1.

Kiyeyushi kiondolewe kwa kivukizi cha kuzunguka chenye mvutano wa ombwe, maji ya beseni yakiwa nyuzi 40. Maabara isiyo nacho itumie sahani pana ya kioo ndani ya kabati la kuvuta mvuke, feni ikipuliza, pasiwe na moto wowote karibu. Utabaki na kitu kama lami ya kijani iliyokoza. Kiendelee kukauka mpaka uzito usibadilike.

Tuseme umepata gramu 6.5 kutoka kwa gramu 50. Hiyo ni asilimia 13. Iandike. Madondoo mawili yanaweza kuzuia bakteria kwa kiasi sawa, lakini moja likawa limetoa asilimia 2 na lingine 13. Kwa mtu anayetaka kutengeneza dawa, hayo si sawa hata kidogo.

Dondoo la maji lifuate alivyosema mganga. Kama ni kuchemsha robo saa, chemsha robo saa, chuja, kausha kwa mashine inayokausha kwa kugandisha au kwa nyuzi 45. Maji ya majani huvunda haraka, hivyo usiyalaze mezani.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Tayarisha chupa mbili za ziada. Ya kwanza haina jani kabisa: mililita 500 za ethanoli tupu, zilowekwe saa 72, zichujwe, zikaushwe, kila kitu vilevile. Ya pili iwe na jani la pambo kutoka uani kwako, ambalo hakuna mganga anayelisifu kwa chochote. Kama jani la pambo nalo litaua bakteria kama mpera, basi unachopima huenda ni tabia ya majani kwa jumla, na sifa ya mpera umeijenga bure.

Weka madondoo kwenye vichupa vya kahawia, nyuzi 4.

Ukakasi na habari zake

Vipimo vya haraka vya kujua kilichomo havichukui asubuhi moja. Tikisa dondoo la maji kwa nguvu: povu lisilotulia kwa dakika kumi ni ishara ya saponini. Matone ya feri kloridi yakileta bluu nyeusi au kijani nyeusi, kuna tanini na fenoli nyingine. Kipande cha magnesi na asidi ya hidrokloriki vikileta wekundu, kuna flavonoidi. Kitendanishi cha Dragendorff huonyesha alkaloidi kwa mashapo ya rangi ya chungwa. Vyote hivi ni dalili tu.

Tanini ndiyo ninayotaka uikumbuke. Ni ule ukakasi wa pera bichi ulimini, na ni kitu kilekile kilicho tele kwenye magome ya mikoko, yaliyotumika kulainishia ngozi. Tanini hushika protini na kuigandisha. Protini ya ngozi, ya mate, ya bakteria, ya yai. Itakuharibia hesabu huko mbele, nitakuonyesha mahali.

Bakteria: kipimo cha disiki

Njia hii ilisanifishwa na Bauer, Kirby, Sherris na Turck mwaka 1966 kwa ajili ya antibiotiki, sisi tumeiazima kwa majani: disiki, kikaratasi cha duara chenye dawa, huwekwa juu ya agari iliyopakwa bakteria, na duara lisiloota kitu hupimwa.

Tumia aina zinazojulikana kutoka hazina ya vijidudu ya ATCC: Staphylococcus aureus ATCC 25923 na Escherichia coli ATCC 25922. Hawa wawili wanatosha kwa kuanzia, na wametofautiana kwa makusudi. E. coli ana utando wa ziada nje ya ukuta wake pamoja na pampu za kutema sumu, kwa hiyo usishangae jani likimzuia S. aureus na kumwacha E. coli kama alivyo. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Jani likiwaua wote kwa nguvu sawa, mimi huanza kutilia shaka kiyeyushi, au uchachu. Kwa mkwaju, kwa mfano, pima pH kwanza. Bakteria wengi hawapendi ndimu, na ndimu si ugunduzi.

Agari ya Müller-Hinton: gramu 38 kwa lita, otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15. Ipoe hadi nyuzi 45 mpaka 50, umimine mililita 25 kwa kila sahani ya milimita 90, upate unene wa milimita 4. Agari nyembamba hukuza duara, nene hulidogosha. Kwa unyevu wa huku, mvuke hujikusanya chini ya vifuniko na tone moja likianguka linachora mto katikati ya bakteria wako. Kausha sahani kabatini zikiwa wazi kidogo. Moja ilale inkubeta bila kuguswa. Ikiota kitu, kundi zima ni la kutupa.

Disiki waweza kuzitoboa mwenyewe kutoka karatasi ya Whatman kwa kile kitobozi cha ofisini cha faili. Matundu yake ni ya takriban milimita 6, ndicho kipimo tunachotaka. Zitakase kwa otoklevu, zikauke. Yeyusha dondoo kwenye ethanoli ya asilimia 80, miligramu 100 kwa mililita, uweke mikrolita 10 kwenye kila disiki. Hiyo ni miligramu 1. Kisha ziache zikauke kabisa. Kwa disiki sipendi kiyeyushi cha DMSO, kwa kuwa huchemka kwa nyuzi 189 na haitakauka mezani kwako. Itaingia kwenye agari pamoja na dondoo. Ethanoli huondoka, dondoo hubaki. Disiki ya kidhibiti, yaani ya kulinganishia isiyo na dondoo, nayo ipewe mikrolita 10 za ethanoli ileile, ikauke pamoja na wenzake.

Bakteria wawe waliooteshwa usiku mmoja. Chukua makoloni (vidoa vya bakteria) manne au matano, yatie kwenye maji ya chumvi yaliyotakaswa mpaka maji yachafuke kiasi kinacholingana na kiwango cha McFarland 0.5, yaani kama bakteria milioni 150 kwa mililita. Kiwango hicho cha kulinganishia hutengenezwa kwa mililita 0.05 za bari kloridi ya asilimia 1.175 na mililita 9.95 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1. Bari ni sumu, vaa glavu. Kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaopita kwenye kimiminika, kwa nanomita 625, isome kati ya 0.08 na 0.13. Usitegemee macho peke yake saa kumi jioni.

Ndani ya dakika 15 chovya pamba ya kijiti, ikamue ukutani mwa tyubu, upake agari yote mara tatu, kila mara ukizungusha sahani nyuzi 60. Panga disiki zisizidi tano, kutoka kitovu hadi kitovu milimita 24 au zaidi: za dondoo (la mpera na la jani la pambo), ya ethanoli, ya chupa isiyo na jani, na ya antibiotiki gentamisini mikrogramu 10. Geuza sahani chini juu, nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Weka ndani kipimajoto kinachokumbuka joto la juu na la chini, kwa sababu stima ikipotea saa nane usiku hakuna atakayekuamsha.

Asubuhi shika sahani juu ya kitambaa cheusi, mwanga ukitoka pembeni. Pima duara pamoja na disiki yenyewe. Utakuta duara zingine zina ukingo mkali kama umekatwa kwa wembe, na zingine zina ukungu mwepesi wa bakteria waliodumaa kabla ya kufika pale walipostawi. Pima sehemu iliyo safi, ukungu uuandike kwa maneno. Kisha angalia gentamisini kwanza kabla ya jani lako: kwa S. aureus ATCC 25923 inatakiwa milimita 19 hadi 27, kwa E. coli ATCC 25922 19 hadi 26. Ikiwa nje ya hapo, siku hiyo imekufa, hata kama mpera umetoa duara la kupendeza.

Na usilinganishe milimita kwa milimita. Mpera milimita 14 na gentamisini 23 haimaanishi mpera una zaidi ya nusu ya nguvu. Kwenye disiki ya mpera kuna miligramu 1, kwenye gentamisini mikrogramu 10. Umeweka mara mia moja zaidi. Tena duara hutegemea molekuli inavyosafiri ndani ya agari. Tanini ni kubwa na nzito, haiendi mbali, kwa hiyo dondoo kali laweza kutoa duara dogo. Disiki hukuambia ndiyo au hapana. Kiasi, nenda hatua inayofuata.

Sahani ya visima 96

Hapa tunatafuta MIC, ukolezi mdogo kabisa unaozuia bakteria wasiote. Yeyusha dondoo kwenye DMSO, miligramu 100 kwa mililita, lizimue mara 25 kwa mchuzi wa Müller-Hinton (chakula kilekile cha bakteria, bila agari): sasa una miligramu 4 kwa mililita na DMSO asilimia 4.

Weka mikrolita 100 za mchuzi kwenye visima vya 1 hadi 8 vya mstari mmoja. Kisima cha 1 kiongezwe mikrolita 100 za dondoo, changanya, hamisha 100 kwenda cha 2, changanya, endelea hivyo hadi cha 8, utupe 100 za mwisho. Bakteria wa McFarland 0.5 wazimuliwe mara 150, wawe takriban milioni 1 kwa mililita, na kila kisima kipewe mikrolita 100 zao. Kila kitu kimekatwa nusu tena: kisima cha 1 kina mikrogramu 1000 kwa mililita na DMSO asilimia 1, kisha 500, 250, 125, 62.5, 31.3, 15.6, na cha 8 kina 7.8. Bakteria ni laki tano kwa mililita.

Visima vinne vilivyobaki ndivyo vinavyobeba ukweli wa mstari mzima. Cha 9 kina bakteria na DMSO asilimia 1 bila dondoo. Cha 10 bakteria na mchuzi tu. Cha 11 mchuzi peke yake. Cha 12 dondoo la mikrogramu 1000 na mchuzi, bila bakteria. Gentamisini ipewe mstari wake.

Baada ya saa 16 hadi 20 kwa nyuzi 35, dondoo la kijani litakuwa limeficha kama mchuzi umechafuka au la. Ongeza mikrolita 30 za rangi ya resazurini ya asilimia 0.015, rudisha inkubeta saa moja hadi nne. Bakteria hai huigeuza bluu kuwa waridi. Kisima cha kwanza kilichobaki bluu, ukihesabu kutoka upande wa ukolezi mdogo, ndicho MIC. Lakini tazama cha 12: majani yenye fenoli nyingi yanaweza kuigeuza resazurini yenyewe, bila bakteria hata mmoja. Cha 12 kikiwa waridi, rangi haikusaidii. Chukua kutoka kila kisima, paka kwenye agari, uhesabu makoloni.

Kuchukua mikrolita 10 kutoka visima vya bluu na kuzipaka kwenye agari mpya kutakuonyesha pia kama bakteria wamekufa au walilala tu. Ukolezi unaoua usipozidi mara nne ya MIC, husemwa dondoo linaua.

Kwa dondoo ghafi, MIC ya chini ya mikrogramu 100 kwa mililita inastahili kufuatiliwa. Ya mikrogramu 1000 na kuendelea, mimi huiandika na kuendelea na mti mwingine. Kuna makala zinazoshangilia miligramu 50 kwa mililita. Kwa kiasi hicho hata vitu vya jikoni vingi vitazuia.

Rudia yote siku tatu tofauti, bakteria wapya kila mara, na ukiweza uanze na unga mpya uliolowekwa upya. Disiki tatu kwenye sahani moja si majaribio matatu.

Uvimbe: yai lina hila

Kipimo cha uvimbe (wa jeraha, si wa saratani) kinachopatikana hata kwenye maabara ndogo ni cha kuzuia protini isiharibiwe na joto, wazo lililotoka kwa Mizushima na Kobayashi mwaka 1968. Dawa nyingi za uvimbe zinazofanana na diklofenaki huikinga protini isigande ikipashwa moto, basi tunauliza kama dondoo nalo hukinga.

Changanya mililita 0.2 za ute mweupe wa yai bichi la kuku, mililita 2.8 za bafa ya fosfeti ya pH 6.4, na mililita 2 za dondoo kwa kila ukolezi. Nyuzi 37 kwa dakika 15, halafu nyuzi 70 kwa dakika 5. Poza, soma kwa nanomita 660. Kidhibiti kipewe kiyeyushi badala ya dondoo, na mstari mwingine upewe diklofenaki safi ya unga. Kidonge cha duka la dawa kina unga wa kujazia na ganda, navyo huchafua maji.

Asilimia ya kinga ni 100 mara (1 toa usomaji wa dondoo ugawe kwa usomaji wa kidhibiti). Kidhibiti kikisoma 0.40 na dondoo 0.10, kinga ni asilimia 75. Utakutana na makala zenye kanuni iliyogeuzwa, usomaji wa dondoo ugawe kwa kidhibiti toa 1, ambapo maji yakichafuka zaidi ndipo "kinga" inapanda. Kabla hujaiga, jiulize tyubu safi inamaanisha nini.

Sasa ile tanini. Mara ya kwanza nilipopima mpera kwa yai, nilitia dondoo nikageuka kuchukua kipima saa. Niliporudi tyubu zilikuwa nyeupe kama tui. Moto ulikuwa haujawashwa. Tanini ilikuwa imeigandisha protini pale pale, kwenye joto la chumba. Vipande hivyo vikielea, usomaji unapanda na jani linaonekana baya. Vikizama chini, unashuka na jani linaonekana dawa. Yote mawili ni uongo.

Kwa hiyo kila ukolezi uwe na tyubu mbili za ziada: dondoo na bafa bila yai, ili utoe rangi ya jani kwenye hesabu, na dondoo na yai bila kupashwa moto. Hii ya pili ikichafuka, kipimo cha yai hakifai kwa dondoo hilo mpaka tanini iondolewe, kwa mfano kwa kulipitisha kwenye PVPP, unga unaoinasa tanini. Pima tena. Kama nguvu imeondoka pamoja na tanini, umejifunza kitu kuhusu mpera ambacho asilimia 75 isingekuambia.

Kipimo cha pili hutumia chembe nyekundu za damu ndani ya maji ya chumvi hafifu, kuona kama dondoo linazuia zisipasuke. Husomwa kwa nanomita 560. Damu ya binadamu inataka ridhaa, kibali, na mtoaji ambaye hajameza dawa za maumivu kwa wiki mbili. Saponini huzipasua chembe hizo, kwa hiyo lile povu la mwanzo likumbuke.

Hata hivyo, yai si kiungo kilichovimba. Ukitaka kusema neno "uvimbe" kwa ujasiri zaidi, panda hadi kwenye seli: makrofaji (seli za kinga) za aina ya RAW 264.7 huchokozwa kwa LPS, kitu kinachotoka kwenye utando wa bakteria, zikatoa nitriki oksaidi, ishara ya uvimbe, inayopimwa kwa kitendanishi cha Griess, nanomita 540. Hapo kuna mtego mmoja mkubwa. Seli zilizokufa nazo hazitoi nitriki oksaidi. Pima uhai wake kwa rangi ya MTT kwenye sahani hiyohiyo, la sivyo utaiita sumu dawa. Vifaa hivi si vya kila chuo. Tafuta ushirikiano kuliko kubahatisha.

Kipimo cha wanyama, kile cha Winter na wenzake cha mwaka 1962, huchoma sindano ya karagenani kwenye unyayo wa panya na kupima unavyovimba kwa saa chache. Karagenani hutolewa kwenye mwani mwekundu, jamii ya ule unaolimwa Kibuyuni huko Kwale. Bila kibali cha maadili na mtu aliyefunzwa kushika panya, hatua hii iache.

Ukimaliza

Sahani, disiki na vijiti vya pamba viingie mfuko wa otoklevu, nyuzi 121, dakika 30, ndipo viende kwenye pipa. Visitoke maabara vikiwa hai hata kwa picha ya kumbukumbu. Ethanoli chafu ikusanywe kwenye galoni yake, isimwagwe sinki.

Usimpe mtu dondoo anywe wala ajipake. MIC nzuri haikuambii lolote kuhusu ini au figo.

Na aliyekuonyesha mti umrudishie majibu kwa lugha yake, pamoja na yaliyoshindwa: bakteria hawa wawili, kwa kiasi hiki, jani halikuwazuia. Mimi nilimpelekea mama mmoja majibu kama hayo, ya mti mwingine si mpera. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza nilichuma majani gani. Nikamwonyesha picha. "Mwanangu, haya yameshazeeka. Sisi twachuma yale mekundu ya juu, hayajafunguka vizuri." Nilikuwa nimemuuliza kuchemsha, kuloweka, kunywa na kupaka, umri wa jani sikuuliza. Januari iliyofuata tulichuma upya, yeye akichagua.